Mgeni Aliyeletwa na Kaka Shabani

Harufu ya ukungu wa Mbeya sijakutana nayo mahali pengine popote. Masika yalipokolea, ukungu uliteremka kutoka mlima Loleza asubuhi na mapema, ukaingia mitaani na kujichanganya na moshi wa mkaa, majani ya mikaratusi yaliyolowa, na ngozi mbichi zilizotundikwa nyuma ya bucha. Vyote vikawa harufu moja nzito, ya baridi, iliyokaa ndani ya kanga na mablanketi mpaka jua lirudi. Nyumba yetu ilikuwa karibu na soko, chumba cha mbele kikiwa duka la baba, na vya nyuma vikiwa vyetu sisi. Babu yangu alikuja huku bara kutoka pwani na mizigo ya watu kichwani, akapenda baridi, akabaki. Baba naye aliuza kanga, chumvi, sukari na mafuta ya taa, na alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mzee Salumu, mtu mpole, mwenye kofia nyeupe na koti zito asilolivua kuanzia Machi mpaka Agosti.

Katika mwaka ninaoukumbuka, katikati ya miaka ya hamsini, mjini kuliingia hofu iliyokuwa na jina lake: mumiani. Watu walisema wapo wanaozunguka kuwakamata wenzao, wakawaning'iniza miguu juu na kuwakamua damu, nayo damu ikapelekwa kutengenezwa dawa ya wakubwa. Mchoma mkaa mmoja wa upande wa Ilomba alikuwa hajarudi nyumbani, na kila aliyekuja dukani alikuwa na lake la kuongeza. Huyu alisikia mlio wa gari ndani ya ukungu, gari lenyewe halionekani. Yule, shemeji yake alikabwa na mtu mwenye viganja vya baridi. Mimi nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto, na kila neno la watu wazima liliniingia mifupani. Sikuweza kwenda msalani ila dada Rukia anishike mkono, tena nilimlazimisha aimbe huko nje nikiwa ndani, nijue kwamba bado yupo. Upepo ukigonga bati, nilijua wamekuja.

Katika nyumba hiyo iliyojaa hofu, mtu mmoja tu hakuogopa kitu, naye ndiye aliyetutisha wote. Kaka Shabani alikuwa amekwisha kubalehe, mrefu kuliko baba, mwenye mikono mikubwa na uso wa mtoto aliyeamshwa sasa hivi. Hakuwa mjinga wa kusoma. Alisoma vizuri tu. Lakini ubaya wa watu haukumwingia akilini, kama vile sikio lake halikuumbwa kuusikia. Siku moja alimkuta mtu anahangaika na gunia la sukari nyuma ya duka letu, akamsaidia kujitwisha, akamsindikiza mpaka kona na kumwombea safari njema. Gunia lilikuwa letu. Akiachiwa duka, aliwaambia wateja kwa huruma wasinunue kanga fulani kwa sababu zinachuja rangi. Kuku walionunuliwa kwa ajili ya Idi aliwafungulia alfajiri, eti walikuwa wanamtazama vibaya. Mama alizoea kusema kwamba Mungu alimpa watoto watatu, wawili wa kulea na mmoja wa kumlinda asiilete dunia nzima ndani.

Siku ile mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Barabara ya Iringa ilikuwa imekatika, mabasi yamenasa kwenye tope, na stendi imejaa abiria waliokata tamaa. Baba alimtuma Shabani akaulize habari za marobota yake ya kanga yaliyokuwa njiani. Alirudi jioni hana habari ya marobota, lakini amemshika mtu mkono.

"Mama, huyu bwana amenyeshewa," alisema, kana kwamba hiyo inatosha.

Yule mtu alisimama kizingitini, mwembamba, amevaa koti la kaki linalochuruzika maji. "Kamwene," alisalimu kwa Kihehe, kisha akajirekebisha haraka, "Hodi wenyewe. Shikamoo mama." Alisema anaitwa Yohana, kwao ni Kalenga, na anatafuta njia ya kurudi Iringa. Baba alipomwuliza anafanya kazi gani, alijibu kwamba anafanya kazi ya serikali, akanyamaza. Mama alimtazama baba. Msimu ule hilo halikuwa jibu la kumtuliza mtu. Begani alikuwa amebeba sanduku la mbao lililokazwa kwa mikanda ya chuma. Shabani alipotaka kumpokea, aliling'ang'ania.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hili sanduku naomba likae mahali penye baridi sana."

Mahali penye baridi kuliko pote nyumbani kwetu palikuwa kwenye kona ya jikoni, ulipokaa mtungi wa maji ya kunywa. Likawekwa hapo. Mama alimpa mgeni uji wa moto na blanketi, kwa sababu mtu aliyelowa hafukuzwi, lakini nilimwona anafunika mtungi kwa sahani, na juu ya sahani akaweka jiwe la kusagia. Shabani alimwachia mgeni kitanda chake, yeye akalala chini kwenye mkeka. Niliposikia kupitia ukutani wananong'ona, na yule mgeni anakohoa, nilijikunja mgongoni mwa Rukia nikawa naomba kaka yangu asije akaulizwa kama anaweza kutoa damu kidogo. Nilimjua. Angekunja mkono wa shati mwenyewe.

Asubuhi mimi na Shabani tulitumwa sokoni kununua vitunguu. Hatukufika kwenye vitunguu. Shabani alikwenda moja kwa moja walikosimama madereva wa malori wakisubiri barabara ifunguke, akapaza sauti kwa ile furaha yake ya mtu mwenye kazi njema ya kufanya.

"Jamani, nani atatangulia kwenda Iringa? Mgeni wetu amekwama na chupa zake za damu. Zikikaa sana zitaharibika!"

Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi alimvuta mwanawe, akamfunika kwa kanga.

"Damu ya nani?" aliuliza Andulile, fundi seremala wa mtaani kwetu, Mnyakyusa mwenye kifua kipana ambaye watu walimsikiliza.

"Ya wengi, Bwana Andulile," alijibu Shabani. "Amezunguka kote. Rungwe, Usangu, mpaka hapa Uyole. Kila mmoja anachukuliwa kidogo tu. Wengine walipiga mateke, lakini walifungwa kamba, hawakuumia."

Nilimvuta shati. Nilimvuta mpaka kifungo kikakatika. Alinitazama, akadhani nasikia baridi, akanivisha koti lake. Tulirudi nyumbani bila vitunguu, na njia nzima milango ilikuwa inafungwa mbele yetu, mmoja baada ya mwingine, kwa mlio mdogo wa komeo. Nilitaka kumwambia mama, lakini nilipoingia jikoni na kuliona lile sanduku limekaa kando ya maji niliyokunywa tangu jana, nilitoka mbio. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Kabla ya adhuhuri hapakuwa na haja ya mimi kusema. Duka halikupata mteja hata wa kiberiti. Rafiki wa mama, waliyeazimana naye vyombo tangu wakiwa wasichana, alirudisha chekeche letu kwa kuliweka kizingitini na kuondoka mbio, asibishe hodi. Kisha akaja mzee mmoja wa upande wa mchumba wa Rukia. Harusi ilikuwa ifanyike barabara ikikauka, bwana harusi akitokea Iringa mjini, na mzee huyo alikuwa mjomba wake. Kila siku alipokuja aliingia na kukaa. Siku hiyo alisimama kwenye mvua, akakataa kukanyaga hata barazani.

"Mzee Salumu, nimekuja kukwambia mambo yale yasubiri," alisema.

"Yasubiri nini, ndugu yangu?"

"Yasubiri tu." Akaondoka bila kuaga. Rukia alikuwa nyuma ya pazia la duka. Hakulia. Alikaa juu ya gunia la chumvi akawa anaviringisha ncha ya mtandio wake, anaiviringua, anaiviringisha tena.

Baba alifunga duka, akatukusanya jikoni wote, na mgeni akiwemo. Sauti yake ilikuwa ya upole kama kawaida, ila midomo yake imekauka. "Bwana Yohana, umekula kwangu, umelala kwangu. Fungua sanduku lako."

Yohana alimtazama Shabani, na nilimwona ameelewa. Alifungua mikanda. Ndani, juu ya majani makavu, zilipangwa chupa ndogo zenye vizibo vya mpira, na ndani ya chupa, damu. Mama alipiga ukelele mfupi, akaniziba macho kwa kiganja. Nilichungulia kati ya vidole vyake.

"Ni ya ng'ombe, mzee," alisema Yohana. "Mimi ni msaidizi wa bwana mifugo. Tunapima kama sotoka imeingia tena kwenye mifugo ya huku. Nikichelewa na hii, ng'ombe watakufa na watu hawatajua kwa nini. Nilimwambia kijana wako asiseme kwa mtu, nikijua watu walivyo sasa hivi."

"Sikusema siri," alisema Shabani kwa mshangao. "Nilikuwa namtafutia gari."

"Ulisema ni ya ng'ombe?" baba aliuliza.

Shabani alifikiri. Nauona mpaka leo uso wake ulivyobadilika pole pole. "Hilo," alisema, "nadhani nililiruka."

Pengine siku nyingine tungecheka. Rukia ndiye aliyecheka, kicheko kikavu kilichogeuka kilio, akamtupia kaka yake kikombe cha bati kilichompata kifuani. Mama alisema damu ni damu, na ng'ombe hana uwezo wa kuja kututetea. Baba alikuwa bado anapanga namna ya kumpeleka mgeni kituo cha polisi akalindwe, tuliposikia miguu. Wachezaji wa mpira wakitoka uwanjani hutembea na kelele. Hawa hawakuwa na kelele. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, ukungu umeshuka tena, na nilipochungulia kwenye ufa wa dirisha la duka niliona watu wanatokea mle ndani nusu nusu, kwanza mapanga na fimbo, halafu mikono, halafu nyuso. Nyuso nilizozijua. Aliyenitengenezea kigoda changu alikuwa mbele.

"Mwe bandu! Mzee Salumu!" aliita Andulile, akianza na wito wa kwao wa kuwaita watu. "Sisi na wewe hatuna neno. Tutolee tu huyo mtu."

Baba alitoka barazani, akafunga mlango nyuma yake. Mimi nilikuwa nimekumbatia mguu wa mama, na mama alikuwa amemsukumia Yohana kwenye kona ya jikoni na kusimama mbele yake na mchi mkononi, mama yuleyule aliyekuwa amesema damu ni damu. Tulimsikia baba akisema, kwa sauti ambayo haikuwahi kusema uongo dukani wala msikitini, "Wallahi, ndugu zangu, yule mtu ameshaondoka. Alipita njia ya nyuma mchana."

Mguno ulipita kwenye umati, kama unataka kuamini. Kisha mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Wakati sisi tumetega masikio kwa baba, Shabani alikuwa amemchomoa Yohana nyuma ya mama, akampitisha dukani amemshika mkono, kama alivyomshika siku aliyomleta.

"Baba, umesahau," alisema. "Yupo. Alikuwa jikoni na mama." Akawageukia watu. "Mnamtaka kwa mazungumzo? Karibuni, ila ndani ni padogo."

Mama, aliyewafuata mbio mpaka mlangoni nami nyuma yake, alidondosha mchi. Baba alifumba macho. Nilijua tu kwamba sasa kaka yangu atauawa, na kwamba hajui. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti, "Ndiye huyo!" na jiwe likaruka kutoka ndani ya ukungu. Lilikuwa limemlenga mgeni. Lilimpata Shabani juu ya jicho.

Hakuanguka. Alijishika paji la uso, akatazama kiganja chake chekundu, halafu akatazama chini, akaliokota lile jiwe na kulinyoosha mbele yao.

"Jamani, angalieni," aliwaambia kwa upole, "kuna mtu amedondosha jiwe lake. Litaumiza watoto."

Hakuwa anadhihaki. Kama kungekuwa na chembe ya dhihaka katika sauti ile, nadhani mapanga yangeinuka. Lakini wote pale walimjua Shabani tangu alipokuwa anatambaa, na walijua kwamba alikuwa anamaanisha. Damu ilimtiririka mpaka kidevuni. Yohana, aliyekuwa na nafasi ya kukimbia, hakukimbia. Alitoa pamba kutoka mfukoni mwa koti, akaomba maji. Mama alimpelekea maji ya mtungini kwa kata. Yohana akamkalisha Shabani barazani, akamwosha, akakandamiza kidonda, na kila pamba ilipolowa damu aliitupa matopeni, akachukua nyingine. Watu walikuwa wanatazama. Pamba zililala pale kwenye tope, nyekundu, na mvua ikaanza kuziosha.

Bibi mmoja muuza mboga, Msafwa, alisogea mbele akainama kuzitazama.

"We Andulile," alisema. "Huyu mumiani gani anaimwaga damu bure?"

Andulile alizitazama pamba, akamtazama Yohana, akautazama msumeno aliokuja nao mkononi, kwa kuwa alikuwa ametoka moja kwa moja kazini. Shabani akapata nafasi ya kusema lile aliloliruka. "Ni ya ng'ombe," alisema huku amefumba jicho moja. "Hata wa Uyole wamo. Mmoja ana pembe iliyovunjika, mkali huyo, ndiye aliyepiga mateke." Mtu mmoja kule nyuma alikohoa na kusema kwa aibu kwamba ng'ombe huyo anamfahamu. Kikatoka kicheko, si kikubwa. Umati ukaanza kulegea pembeni, mmoja mmoja akirudi ndani ya ukungu, mpaka akabaki Andulile peke yake. Alivua kofia mbele ya baba.

"Ndaga, mzee," alisema, akishukuru kwa Kinyakyusa. Kesho yake alikuja mapema na misumari, akatutengenezea bawaba ya mlango ambayo hakuna aliyekuwa ameivunja.

Barabara ilifunguka siku mbili baadaye. Shabani alikataa Yohana asafiri peke yake na sanduku zito, akapanda naye lori mpaka Iringa, mama akilia nyuma ya pazia kama anayepeleka mtoto vitani. Alikwenda kwa siku chache, akakaa miaka. Aliwashika ng'ombe pembe wakati Yohana anatoa damu, mwisho akajifunza kudunga sindano mwenyewe, na wafugaji wa Kilolo na Kalenga wakamzoea kwa sababu aliwaomba ng'ombe radhi kabla ya kuwadunga. Harusi ya Rukia haikurudi. Yule mchumba alioa kwingine, na dada aliolewa baadaye na fundi cherehani wa hapa hapa Mbeya, mume mwema, lakini mpaka anazeeka hakupenda mtu amtajie masika yale. Baba alifunga saumu ya kafara kwa kile kiapo chake cha uongo. Imamu alipomwambia kwamba alikuwa anaokoa roho, alijibu kwamba roho iliokolewa na mwingine, yeye alikuwa anadanganya tu. Mchoma mkaa wa Ilomba naye alikutwa Tukuyu, ameoa mke wa pili.

Sasa nimezeeka, na ninaishi huko huko Ilomba tulikokuwa tunakuogopa, ambako siku hizi ni nyumba juu ya nyumba. Nina ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, geti la chuma, na mjukuu aliyenifungia kengele inayolia hata paka akipita. Jirani wa kushoto simjui jina. Hofu ya zamani ilitufanya wabaya, lakini ilitukuta pamoja, watu wa mtaa mmoja wanaojua nani alitambaa wapi, na ilipokwisha watu walijua mlango wa kuja kuomba radhi. Hii ya sasa kila mmoja ameinunulia kufuli yake. Naitazama mitaa iliyonyooka, taa za barabarani, hospitali ambako vijana wanajitolea damu kisha wanapewa soda, na siwezi kusema kwamba zamani ilikuwa bora. Niliogopa mno kuweza kuipamba.

Shabani bado yuko hai, huko Kilolo, mzee wa kutembea na fimbo, mwenye kovu juu ya jicho. Wanawe wamekwisha kumkanya mpaka wamechoka. Juzi alinipigia simu akiwa ananong'ona, nikashtuka nikadhani anaumwa.

"Hapana, mdogo wangu, mimi mzima," alisema. "Nanong'ona kwa sababu kuna mtu amelala kitandani kwangu, ametoka mbali, asije akaamka."

"Mtu gani, kaka? Jina lake nani?"

"Sasa nimwulize vipi," alisema kaka yangu, "na mwenyewe amelala?"